Waridi la Dameski katika bustani ndogo

Waridi la Dameski huota kwenye kichaka chenye miiba tele, kimo chake mita 1.5 hadi 2, majani yake ya kijani kilichopauka. Maua yake ni ya pinki, yana petali 30 hivi, na huchanua mara moja tu kwa mwaka, kwa wiki nne hadi sita. Kwa mpenda bustani aliyezoea miwaridi ya kisasa inayotoa maua mwaka mzima, muda huo ni mfupi mno. Lakini ni wiki ambazo ua mzima wa nyumba hunukia, na kinachobaki ndani ya chupa hutumika hadi mwaka unaofuata. Marashi mawaridi yanayotiwa katika mrashi na kunyunyiziwa watu kwenye maulidi na harusi za Unguja, Lamu na Mombasa, yanayoungia halua ya Omani, na yanayochanganywa na maji ya Zamzam siku ya kuosha Al-Kaaba, asili yake ni mti huu. Wengi wa pwani wanayajua maji yake tangu utotoni bila kuwahi kuuona mti wenyewe.

Harufu hiyo hutengenezwa ndani ya petali, katika seli za ngozi ya juu. Imeundwa na kemikali nyingi, zinazotawala zikiwa sitroneloli, geranioli na alkoholi ya feniliethili. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho NUDX1 ndicho kinachohusika na kutengeneza geranioli katika mawaridi, na kwamba kwenye aina zisizonukia jeni lake karibu limezimika. Ndiyo sababu mawaridi yanayolimwa Naivasha kwa ajili ya masoko ya Ulaya huvutia macho zaidi ya pua. Wazalishaji wa mbegu zake walitafuta kikonyo kirefu, ua linalostahimili safari na linalodumu siku nyingi ndani ya chombo, na katika uteuzi huo harufu ikaachwa njiani. Waridi la Dameski halikupitia uteuzi wa namna hiyo. Lilichaguliwa kizazi baada ya kizazi na watu waliotaka harufu yenyewe, basi.

Jina lake linaelekeza Shamu, lakini damu yake imetoka mbali zaidi. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa na wataalamu wa Japani na kuchapishwa mwaka 2000 uligundua kwamba mti huu ni chotara wa aina tatu: Rosa gallica, Rosa moschata na Rosa fedtschenkoana. Hiyo ya tatu ni mwaridi mwitu wa milima ya Asia ya Kati, mahali penye baridi kali na kiangazi kikavu. Chotara huyo hulimwa Uajemi, ambako hadi leo Qamsar karibu na Kashan ni mji unaojulikana kwa marashi. Leo hulimwa pia Isparta nchini Uturuki, Kelaat M'Gouna nchini Moroko, Taif nchini Saudia, na katika bonde la Kazanlak nchini Bulgaria, ambako sherehe ya mawaridi imekuwa ikifanyika tangu 1903. Ukiitazama orodha hiyo, kila mahali pana milima karibu na usiku wa baridi.

Kwa msomaji wa Kiswahili, makao ya waridi hili yaliyo karibu zaidi kwa undugu ni Jabal Akhdar, katika milima ya Al Hajar nchini Omani. Chini, Muscat na Nizwa huchemka kwa joto. Juu, uwanda wa Saiq uko takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Januari maji huweza kuganda. Vijiji vya Al Ayn, Al Aqr na Ash Shirayjah vimekaa ukingoni mwa korongo, na mashamba yake ni konde za ngazi zilizoshikiliwa na kuta za mawe. Maji ya falaji, yaani mfereji wa kumwagilia, hupitishwa konde kwa konde, kwa zamu. Konde nyingine zina upana wa hatua chache tu, na mwaridi hupandwa humo pamoja na mikomamanga. Mavuno huanza mwishoni mwa Machi na kuendelea hadi karibu katikati ya Mei. Anayedhani kwamba mwaridi wa marashi ni zao la mashamba makubwa pekee na azitazame konde hizo: kwa karne nyingi umelelewa katika sehemu isiyozidi ua wa nyumba ya kawaida ya mjini.

Kinachoamua kama mti huu utachanua si ukubwa wa bustani. Ni baridi, na ni umri wa tawi. Mwaridi wa Dameski wa kawaida hauchanulii machipukizi mapya. Machipukizi ya mwaka huu hukua, hurefuka, hukomaa na kupitia majira ya baridi. Ndipo majira yafuatayo matawi hayo hayo hutoa vitawi vifupi pembeni, na kila kitawi hubeba fungu la maua nchani. Mwaka 2012 wanasayansi walieleza utaratibu huo kwa undani. Miwaridi inayochanua mara moja ina jeni liitwalo KSN linalozuia maua, nalo hulegea majira mapya yanapoanza baada ya baridi na kukaza tena baadaye. Katika miwaridi ya China jeni hilo limeharibiwa na kipande cha vinasaba kilichojipachika ndani yake, kwa hiyo hakuna kizuizi, na maua huja kila chipukizi linapokomaa. Karibu kila jambo la kulea waridi la Dameski, kuanzia pa kulipanda hadi siku ya kushika mkasi, linatokana na ukweli huo mmoja: maua ya mwaka huu yamo ndani ya tawi la mwaka jana.

Hivyo, anayeishi pwani asitegemee makubwa kutoka kwa Dameski wa kawaida. Mahali ambapo usiku hauna baridi ya kutosha, mti hukua, hutanda, na kutoa majani mazuri yasiyo na maua, au maua machache ya kuhesabika. Katika nyanda za juu nafasi ni nzuri zaidi: Njombe na miinuko inayopakana na Kitulo, ambako baridi ya Juni hadi Agosti huleta jalidi, au miinuko ya Kinangop na Limuru nchini Kenya. Hata huko ni busara kuanza na aina isiyotegemea baridi kwa kiasi hicho.

Kati ya aina zenyewe, 'Kazanlik' ndiyo ya kukeneka marashi. 'Ispahan' huchanua kwa muda mrefu kuliko ndugu zake wengi wa mara moja. 'Madame Hardy', iliyozalishwa Paris mwaka 1832 na mkuu wa bustani ya Luxembourg akaipa jina la mkewe, ni nyeupe yenye jicho la kijani katikati. Kwa bustani ndogo kabisa, 'Rose de Rescht' ndiyo inayostahili kutangulizwa. Kimo chake ni kama mita moja, maua yake ya rangi nzito ya zambarau nyekundu yananukia sana, na hurudia kuchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Huweza hata kuishi katika chungu kikubwa chenye kina cha sentimita 45 au zaidi. 'Quatre Saisons' pia hurudia, japo kwa uchache, nayo imejulikana tangu zamani kwa tabia hiyo.

Hiyo 'Quatre Saisons' ina mtoto aliyezaliwa katika Bahari ya Hindi, na watu wa joto wana kila sababu ya kumjua. Katika kisiwa cha Réunion, wakati huo kikiitwa Bourbon, wakulima walizungushia mashamba yao ua wa miwaridi ya aina mbili, huo wa Dameski na wa China uitwao 'Old Blush'. Aina hizo zikachavushana zenyewe. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, Bréon, aliyefika kisiwani mwaka 1817, akaona mche usiofanana na mingine, naye akapeleka mbegu Ufaransa kwa mtunza bustani Jacques. Ukoo wa Bourbon ukaanzia hapo, wenye harufu ya mzazi mmoja na uchanuaji wa mara kwa mara wa mwingine. 'Souvenir de la Malmaison' ya mwaka 1843, kutoka Lyon, ni miongoni mwa aina zake maarufu. Hupenda joto kavu; mvua ikinyesha mfululizo, matumba yake hushikana na kuoza kabla ya kufunguka. Anayeishi mji wa joto anayetaka waridi la kale lenye harufu na aanzie kwenye ukoo huu.

Mahali pa kupanda panahitaji jua la saa sita au zaidi, na bora liwe la asubuhi, kwani hukausha umande mapema na kuunyima ukungu nafasi. Kichaka kimoja kitengewe eneo la mita 1.5 kila upande. Katika bustani ndogo kishawishi ni kubana mitatu mahali pa mmoja. Mti mmoja uliopata nafasi na hewa hutoa maua mengi kuliko mitatu inayogombania mwanga, tena haumkwaruzi kila apitaye. Miiba yake si ya mzaha: ni mingi, ya ukubwa tofauti, na mingine imepinda, kwa hiyo usipandwe kando ya kijia au mlango.

Udongo wa tifutifu usiotuamisha maji ndio unaoufaa. Mti huvumilia udongo wenye chokaa, kama ule wa Jabal Akhdar, na hustawi pH ikiwa kati ya 6 na 7.5; ikipanda sana, majani huwa ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, dalili kwamba madini ya chuma hayafyonzwi. Shimo liwe la sentimita 50 kwa upana na kina, na udongo uliotolewa uchanganywe na mboji au samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mche uliobebeshwa juu ya shina la aina nyingine upandwe kiasi kwamba maungio yafunikwe kwa sentimita 5 za udongo, ili Dameski wenyewe upate kutoa mizizi yake. Mche uliotokana na pingili au chipukizi la mzizi ni bora zaidi, kwa kuwa chochote kitakachochipua kutoka chini kitakuwa waridi lile lile. Baada ya kupanda, maji ya kutosha, kisha matandazo ya nyasi kavu au majani, yasiguse shina.

Mwaka wa kwanza mwagilia kwa wingi mara moja au mbili kwa wiki, kutegemea joto, maji yakielekezwa chini. Kumwagilia kidogo kidogo kila jioni huifundisha mizizi kukaa juu, na kulowesha majani ni kukaribisha magonjwa. Mti ukishashika ardhi hustahimili ukame kuliko mawaridi mengi, lakini usiachwe na kiu matumba yanapoanza kuonekana. Mbolea iwe ya kiasi: ndoo ya samadi iliyooza kabla ya msimu wa maua na nyingine baada yake inatosha kwa kichaka kimoja. Naitrojeni ikizidi hutoa matawi laini, marefu, yanayopendwa na vidukari na yasiyokomaa vizuri kwa maua ya mwaka ujao.

Kupogoa ndiko kunakoharibu miwaridi ya Dameski mingi zaidi kuliko wadudu na magonjwa pamoja. Miwaridi ya kisasa hukatwa sana kabla ya msimu, na fundi wa bustani aliyezoea hiyo, akikutana na Dameski, huukata vivyo hivyo. Anachokiondoa ni yale matawi ya mwaka jana, yaani maua yote yaliyokuwa yanasubiriwa. Mti utachipua kwa nguvu, utapendeza kwa majani, na mwaka mzima utapita bila ua hata moja. Mwenye bustani atahitimisha kwamba mti ni tasa na kuung'oa. Inasikitisha, kwa sababu dawa yake ni subira ya mwaka mmoja tu.

Wakati sahihi ni mara maua yanapokwisha. Vitawi vilivyochanua hufupishwa kwa theluthi moja, na mashina mawili au matatu makongwe zaidi, yenye gome la kijivu lililopasuka, hukatwa karibu na ardhi. Mwanga huingia katikati, machipukizi mapya huibuka kutoka chini, nayo hupata miezi yote iliyobaki kukua na kukomaa. Msimu wa baridi unapofika, kazi ni ndogo: kuondoa yaliyokufa, yanayosuguana, na ncha dhaifu. Katika mashamba makubwa wakulima hupogoa mti ukiwa umelala, hasa kuushusha kimo au kuufufua ukizeeka, lakini hata wao huacha macho ya kutosha kwenye matawi yaliyokomaa. Mkasi uwe mkali na safi, na mkato uwe juu kidogo ya jicho linalotazama nje.

Bustani ndogo ina njia nyingine, na ni nzuri kuliko kukata: kulaza matawi. Tawi linapokua wima, jicho la nchani hutoa homoni inayoshuka na kuyazuia macho ya chini yasichipue, ndiyo maana tawi lililonyooka huchanua juu tu. Likiinamishwa karibu na ulalo na kufungwa kwenye uzio, ukuta wenye nyaya au vigingi vifupi, kizuizi hicho hupungua na macho yaliyopangana urefu wote wa tawi huamka. Tawi moja la mita 1.5 lililokuwa litoe fungu moja la maua huweza kutoa mafungu kadhaa. Kazi hii hufanywa mwishoni mwa msimu wa ukuaji, tawi likiwa gumu kiasi cha kutochubuka lakini bado linapindika. Lipindwe polepole, sehemu mbili au tatu kwa siku tofauti ikiwa linakaza, na lifungwe kwa kamba laini iliyoacha nafasi. Dameski uliotandazwa hivyo kwenye uzio huchukua kina cha sentimita 60 tu za ardhi. Hakuna mbinu nyingine inayoupa ua mdogo maua mengi kama hii.

Maradhi yapo ya kawaida. Vidukari hujikusanya kwenye matumba. Hufukuzwa kwa maji ya kasi au sabuni laini iliyoyeyushwa, na mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa huwala bila malipo wakiachwa waishi. Utitiri mwekundu huja wakati wa ukame. Ubwiri unga hufunika ncha changa pale hewa inapokuwa nzito, na doa jeusi hupatikana kwenye unyevu mwingi. Majani yaliyoanguka yakusanywe na kuchomwa. Sumu za kemikali zisitumike kabisa kwenye kichaka ambacho petali zake zitaingia chunguni au mdomoni.

Mche hutoa maua machache mwaka wa pili, na mavuno ya kweli huanza mwaka wa tatu. Huchumwa alfajiri. Jua likipanda, mafuta yenye harufu huruka na hewa, na ua la saa sita mchana halina lilichonacho ua la kabla ya macheo. Linalofaa ni lile lililofunguka nusu, na huvunjwa kwa vidole chini kidogo ya kikombe chake. Mafuta yenyewe yasitarajiwe nyumbani: kilo moja huhitaji petali za kilo 3,500 hadi 4,000, ambazo ni zaidi ya maua milioni moja. Lakini alkoholi ya feniliethili huyeyuka vizuri katika maji, na kwa sababu hiyo maji yaliyokenekwa hubeba sehemu kubwa ya harufu hata kutoka kwenye kapu moja la maua.

Mtambo wa asili wa Jabal Akhdar ni somo la jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa kwa vyombo vichache. Jiko lake ni la mawe na udongo, lenye matundu ambamo vyungu hukaa juu ya moto wa kuni. Petali na maji huwekwa chunguni. Ndani yake, juu ya petali, hutiwa bakuli la shaba nyekundu. Na mdomo wa chungu hufunikwa kwa chombo kilichojaa maji baridi. Mvuke hupanda, hugusa kitako cha chombo baridi, hugeuka matone, na matone huangukia bakulini. Maji ya juu yakipata moto hubadilishwa. Kazi huchukua saa kadhaa, na maji yanayopatikana yana rangi ya kahawia hafifu na harufu ya moshi, ambayo Waomani wengi huithamini. Huachwa yatulie wiki kadhaa kabla ya kutiwa chupani. Siku hizi mitambo ya gesi hutoa maji meupe yasiyo na moshi, na yote mawili yana wanunuzi.

Jikoni hufanyika vile vile. Sufuria kubwa, jiwe safi katikati, bakuli juu ya jiwe, petali gramu 500 zikizunguka jiwe na maji ya kuzifunika. Kifuniko hugeuzwa juu chini ili kitovu chake kielekee bakuli, na barafu huwekwa juu yake. Moto uwe mdogo kabisa. Nusu lita ya kwanza ndiyo bora. Ikizidi hapo harufu hufifia na ladha ya majani yaliyopikwa huanza. Maji hayo hukaa kwenye chupa ya kioo cheusi, mahali pa baridi. Petali za ziada hukaushwa kivulini kwa ajili ya chai, au hupangwa tabaka kwa tabaka na sukari ndani ya mtungi na kuanikwa juani, kama Wahindi wanavyotengeneza gulkandi.

Kichaka kilichopandwa kwa mizizi yake chenyewe hutuma machipukizi pembeni kila mwaka, na katika ua mdogo hayo lazima yadhibitiwe kwa jembe. Yasitupwe. Chipukizi lenye mizizi likikatwa kutoka kwa mama wakati wa baridi na kupandwa papo hapo hushika haraka kuliko mche wa namna yoyote. Njia nyingine ni pingili za sentimita 20, nene kama penseli, zilizokatwa kutoka matawi yaliyokomaa na kuzikwa theluthi mbili kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, udongo ukibaki na unyevu. Si zote zitakazoshika, kwa hiyo zichomekwe nyingi. Tawi la chini pia huweza kulazwa ardhini, likakwaruzwa upande wa chini, likafunikwa udongo na kubanwa kwa jiwe, kisha likakatwa baada ya mwaka likiwa na mizizi yake. Mche wa pingili huhamishiwa bustanini ukifikisha mwaka mmoja, nao hautakiwi kukatwa hata tawi moja, isipokuwa lililokufa, mpaka utakapomaliza maua yake ya kwanza.